Ile karatasi, nani aliikagua?

Mwaka jana, wakati wa mvua nyingi, mutu mumoja alikuja kutuona kwenye machimbo kando ya muto, hapa katika jimbo letu la Tshopo. Alikuwa na gile ya rangi ya machungwa, kompyuta na mukoba wa ngozi. Alitumwa na kampuni moja yenye madragi pale mutoni. Wamama walikuwa wamelalamika siku nyingi: « Mayi inakuwa sawa chai ya maziwa. Samaki zinakufa. Batoto banajikuna ngozi mupaka damu. »

Yule mutu akafungua ripoti nene yenye picha za rangi, akasoma mustari mumoja: « Matokeo yanaonyesha kama maji iko muzuri. » Akaifunga. Akafikiri mukutano umekwisha.

Ndipo muzee mumoja, muchimbaji wa almasi tangu wakati wa Mobutu, akanyanyua mukono na kuuliza: « Ile karatasi, nani aliikagua? »

Mutu wa kampuni akajibu bila haya: « Sisi wenyewe. »

Watu wakacheka. Lakini kilikuwa kicheko cha uchungu.

Tangu siku ile, sisi wa sendika hatukuacha kufikiri juu ya ulizo la muzee. Maisha yetu inaamuliwa na makaratasi: ripoti juu ya maji, ripoti juu ya vumbi, ripoti juu ya zebaki, ile tunaita merkire. Mara nyingi hatujue nani aliandika, nani alilipa, nani alisoma mbele ya kutia muhuri. Njo maana leo tunapenda kueleza namna gani watu wa sayansi wanakaguana wao kwa wao, mambo ambayo Kifaransa kinaita « évaluation par les pairs ». Musiseme ni habari ya maprofesa. Inatugusa kwenye mapafu, kwenye damu na kwenye mimba za wake zetu.

Mizani moja haitoshi

Muchimbaji akipata jiwe kule Banalia ao upande wa Bafwasende, analifunga ndani ya kitambaa, anashuka nalo Kisangani. Munegosia wa kwanza anatia lupe kwenye jicho, anasema: « Iko na doa. » Unaenda kwa wa pili. Unaenda kwa wa tatu. Kila mutu na jicho lake, kila mutu na mizani yake. Na wakati kontwari inataka kutosha jiwe inchini, haiwezi kujipimia peke yake. Inapita kwa CEEC, kazi ya Serikali yenye kupima na kukadiria bei, na tangu 2003 jiwe linapaswa kuwa na sertifika ya Kimberley.

Tunajua vizuri kama udanganyifu unapita hata pale. Lakini hakuna mutu kati yetu ambaye anasema: « Kwa sababu kuna wizi, tuvunje mizani yote. » Tunasema: tuongeze mizani, na tupime mbele ya watu.

Sayansi nayo iko vile. Mutu akifanya uchunguzi, haendi kuutangaza tu kwenye redio. Anauandika na kuutuma kwa gazeti la sayansi. Mukubwa wa gazeti anausoma kwanza, na nyingi zinarudishwa palepale mulangoni. Zile zinazobaki anazituma kwa watu wawili ao watatu wenye kujua kazi ileile, lakini ambao hawakushiriki katika uchunguzi na hawali kwenye meza moja na mwandishi. Mara nyingi mwandishi hajue majina yao, ili wasiogope kusema kweli.

Wale wakaguzi wanauliza maulizo ya muchimbaji kwa munegosia. Ulipima watu wangapi? Uliwachagua namna gani? Uliwalinganisha na nani? Ulichota maji wapi, siku gani, kwa chombo gani? Nani alikulipa? Hesabu yako iko wapi? Hii sentensi ya mwisho, ambapo unasema « hakuna hatari », umeitosha wapi? Kisha wanaandika: ikubaliwe, irekebishwe, ao ikataliwe. Kukubaliwa mara ya kwanza ni kama kupata jiwe la karati kumi kwenye kalasha la kwanza. Kwa kawaida mwandishi anarudi kazini, anajibu kila ulizo moja moja, anapima tena pale inapohitajika, anatuma tena. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Na kwa kawaida wakaguzi hawalipwi. Wanafanya kwa sababu kesho ni zamu ya wengine kuwakagua wao.

Hii desturi haikushuka na Musa kutoka mulimani. Gazeti la sayansi la zamani sana la Waingereza, Philosophical Transactions, lilianza London mwaka wa 1665, na wakati ule mutu mumoja, Henry Oldenburg, njo alichagua yeye mwenyewe kitu cha kuchapa. Kutuma kila kazi kwa wakaguzi wa inje kulienea sana kisha vita ya pili ya dunia tu. Gazeti kubwa kama Nature lilifanya hiyo kuwa sheria kwa wote mwaka wa 1973. Ni watu walijenga, polepole, kisha kukosea mara mingi. Na kitu ambacho watu walijenga kwa ajili ya magazeti, watu wanaweza kukijenga pia kwa ajili ya muto wetu.

Watoto wa Lubumbashi

Mufano wa kwanza uko kwa wandugu zetu wa Katanga. Kati ya 2013 na 2015, wanganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walifuata watoto waliozaliwa katika ule muji wakiwa na kilema chenye kuonekana. Walipata 138. Wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Walipima madini ndani ya damu, ndani ya mukojo, ndani ya vumbi ya nyumba. Waliuliza wazazi kazi yao.

Matokeo yalichapwa mwaka wa 2020 katika gazeti The Lancet Planetary Health. Kati ya waandishi kuna Célestin Banza Lubaba Nkulu na Tony Kayembe-Kitenge wa Universite ya Lubumbashi, na Daan Van Brusselen na Benoit Nemery wa upande wa Ubelgiji. Jambo kubwa walilopata ni hili: mutoto ambaye baba yake alikuwa na kazi ya madini, hatari yake ya kuzaliwa na kilema ilipanda karibu mara 5 na nusu. Musikie vizuri: baba. Sisi tulizoea kusema mwanamuke mwenye mimba asikaribie shimo. Hakuna mutu alitufundisha kujiuliza juu ya mwanaume.

Lakini musomaji anapaswa kujua yote waliyoandika, maana njo pale uzuri wa ukaguzi unaonekana. Waliandika kama vile vilema viko haba: wale watoto 138 walikuwa karibu mutoto mumoja kwa watoto 1.000 waliozaliwa Lubumbashi wakati ule. Waliandika kama vipimo vingi vya madini havikuonyesha tofauti ya wazi. Na pale penye ile 5 na nusu, waliandika kama hesabu ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 1,2 na 25.

Mutu wa kampuni akisoma vile atacheka: « Munaona? Hawa hawajue kitu. » Sisi tunasema kinyume. Mutu anayekuonyesha ukubwa wa mashaka yake njo mutu wa kuamini. Hata pale chini kabisa, kwenye 1,2, hatari ingali inapanda. Sasa linganisheni na ile ripoti ya mutoni: « Maji iko muzuri. » Hakuna kati ya hivi na hivi. Hakuna tarehe ya kuchota. Hakuna jina la aliyepima. Karatasi isiyokuwa na mashaka hata kidogo, mara nyingi ni kwa sababu hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kuiuliza.

Miaka miwili mbele, katika 2018, Profesa Banza na wenzake walichapa uchunguzi mwingine, katika Nature Sustainability, juu ya mutaa wa Kasulo kule Kolwezi, ambapo watu walichimba kobalti mupaka ndani ya viwanja vya nyumba zao. Walipata kobalti mingi ndani ya mukojo wa watu, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa. Mama wa Kasulo alijua siku nyingi kama vumbi inaingia ndani ya nyungu. Lakini kisha ile kazi kukaguliwa na kuchapwa, hakuna mutu anaweza tena kumuambia: « Mama, ni mawazo yako. »

Nyani za Lindi

Mufano wa pili ni wa hapa kwetu, na wazee wa Kisangani wanaukumbuka. Wakati muji ungali unaitwa Stanleyville, kuanzia 1956, wakubwa wa labo walifungua kambi kando ya muto Lindi na kufunga mule sokomutu wengi. Waliwatumia kwa kujaribu chanjo ya polio ya Hilary Koprowski, mutaalamu wa Marekani. Ile chanjo ilipewa watu maelfu na maelfu katika Kongo, Rwanda na Burundi.

Miaka ikapita, SIDA ikatokea. Wengine wakaanza kuandika kama ni ile chanjo njo ilileta ugonjwa: eti ilitengenezwa na figo za sokomutu wa Lindi. Mwaka wa 1999 Edward Hooper, mwandishi wa Uingereza, alitosha kitabu kikubwa juu ya hiyo, The River. Wenye kutetea lile wazo walilalamika kama magazeti makubwa ya sayansi yaliwafungia mulango. Na tuseme kweli: malalamiko yao haikuwa ya bure yote. Wakaguzi ni watu. Wazo lenye kuwagusa wakubwa linaweza kurudishwa mulangoni kwa haraka kupita kiasi.

Sasa, jambo lilikwisha namna gani? Halikukwisha kwa sababu mukubwa fulani alisema « nyamazeni ». Mutaalamu mumoja mwenye jina kubwa, William Hamilton wa Oxford, ambaye aliona lile wazo linastahili kupimwa, alikuja yeye mwenyewe Kisangani Januari 2000, katikati ya vita, wakati muji ulikuwa mikononi mwa majeshi ya kigeni. Alikuja kuokota mavi na mukojo wa sokomutu wa musituni, ili virusi vyao vilinganishwe na vya watu. Alirudi na malaria. Alikufa London tarehe 7 Machi 2000.

Wenzake waliendelea. Mwaka wa 2001 labo mbalimbali zilitangaza kama zilipima chanjo za zamani zilizohifadhiwa, na hazikukuta ndani alama ya sokomutu wala ya virusi. Mwaka wa 2004 Michael Worobey, kijana aliyesafiri na Hamilton, pamoja na wenzake, walichapa katika Nature matokeo ya sokomutu wa musitu karibu na Kisangani: wana virusi, ndiyo, lakini ukoo mwingine, si ule uliozaa ugonjwa wa watu. Mwaka wa 2006 wengine wakaonyesha kama virusi vyenye kufanana zaidi na vya watu viko kwa sokomutu wa kusini-mashariki ya Kameruni. Na mwaka wa 2014, katika Science, wengine tena walieleza kama ugonjwa ulianza kuenea Kinshasa karibu na 1920, miaka zaidi ya 30 mbele ya chanjo, kisha ukafuata reli na mito.

Fundisho kwetu ni nini? Si kwamba watu wa Kisangani walikuwa wajinga kwa kushuku. Kushuku ilikuwa haki yao: wakoloni hawakuwauliza kitu wakati wa kuwadunga sindano. Fundisho ni kwamba mashaka ilijibiwa kwa vipimo, na vipimo vikakaguliwa na watu wasiokuwa wa nyumba moja, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hamilton alikufa akitafuta kupima wazo ambalo yeye mwenyewe aliliunga mukono. Ni kampuni ngapi za madini zinaweza kulipa mutu aende kutafuta ushuhuda ambao pengine utazihukumu?

Paka namba 400

Kampuni moja iliwahi kupata ushuhuda wa kuihukumu, na munajua ilifanya nini? Kule Minamata, inchini Japani, kiwanda cha kampuni Chisso kilimwaga takataka zenye zebaki baharini. Watu waliokula samaki walianza kutetemeka, kupofuka, kufa, na watoto wakazaliwa na vilema. Ugonjwa ulijulikana rasmi mwaka wa 1956. Mwaka wa 1959 munganga wa kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, alipatia paka maji machafu ya kiwanda pamoja na chakula. Paka namba 400 akaanza kutetemeka kama watu. Munganga alijua. Wakubwa wa kampuni walijua. Ile hesabu ikafungwa ndani ya sanduku. Maji machafu yakaendelea kumwagwa mupaka 1968.

Miaka tisa! Kama uchunguzi wa Hosokawa ungetumwa kwa wakaguzi wa inje na kuchapwa, hatujue ni watoto wangapi wangeepushwa, lakini tunajua kama wavuvi wangejua cha kufanya na nyavu zao. Kwetu hapa, merkire iko kila siku mikononi mwa wachimba-dhahabu, na moshi yake inapanda wakati wa kuchoma, mara nyingine ndani ya jikoni penye watoto. Wandugu, musichome ndani ya nyumba. Na kampuni yoyote yenye kupima maji yetu, isifungie hesabu ndani ya sanduku.

Ukaguzi si sala

Hatutaki kudanganya musomaji: ukaguzi wa wenzi wa kazi unakosea, tena vibaya. Munakumbuka wakati wa Covid, wakati inchi yetu ilitumia klorokini. Tarehe 22 Mei 2020, The Lancet, gazeti la wanganga lenye heshima kubwa duniani, lilichapa uchunguzi wenye kusema kama ile dawa inaua wagonjwa. Walisema walihesabu wagonjwa karibu 96.000 katika mahospitali 671 ya dunia nzima. Kisha siku chache, Shirika la Afya Duniani likasimamisha majaribio ya dawa ile. Lakini wataalamu wengine wakasoma, wakashangaa. Kati ya mengine walisema: hesabu za Afrika haziaminiki, ni mahospitali gani Afrika yenye kompyuta zenye kuandika kila kitu namna hii? Wakaomba hesabu zenyewe. Kampuni yenye kuzishika ikakataa kuzitosha. Tarehe 4 Juni uchunguzi ukafutwa.

Wakaguzi wa mbele hawakuona ile shimo, kwa sababu walisoma maandiko tu, hawakuona hesabu yenyewe. Basi mulango wa kwanza ulilala. Lakini kwa sababu karatasi ilikuwa hadharani, yenye majina, wengine wengi waliweza kuivunja kwa siku 13. Ripoti ya mutoni kwetu, nani ataivunja, kama iko ndani ya mukoba wa ngozi?

Kuna makosa mengine pia. Magazeti makubwa yako kwa Kiingereza. Mengi yanaomba mwandishi alipe zaidi ya dola 1.000 ili kazi yake isomwe bure na wote, na profesa wa kwetu, kwa mushahara ule tunaujua, ataitosha wapi? Kuna magazeti ya uongo yenye kupokea makuta na kuchapa kila kitu bila kusoma. Na wakaguzi wenye kukaa mbali hawajue kile muvuvi wa hapa anajua. Kule Opala, katika jimbo letu, watu walijua nyani anayeitwa lesula tangu zamani. Mwaka wa 2007 watafiti walimuona mumoja, angali mudogo, amefungwa kwa mukubwa wa shule ya musingi. Dunia ilimukubali mwaka wa 2012, wakati alipoandikwa katika PLoS ONE, kisha kupima mifupa, ngozi, damu na sauti. Ilihitaji miaka mitano ili kusema kwa sayansi jambo ambalo muwindaji wa Opala angekuambia kwa dakika moja. Hatulalamike juu ya ile miaka. Tunasema tu: ujuzi wa muwindaji njo ulikuwa mwanzo, basi muwindaji asisahauliwe mwishoni.

Sisi pia tukaguliwe

Mutu anaweza kutuuliza: na ninyi wa sendika, nani anawakagua? Ulizo la haki. Siku moja tulitangaza kwenye mukutano kama watu wa kijiji kimoja walikufa kwa merkire. Tulisema kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kweli. Munganga mumoja alituita pembeni akatuonyesha kitabu cha wagonjwa: ilikuwa kipindupindu. Tulipaswa kurudi mbele ya watu waleware na kusema tulikosea. Haya ilitushika. Lakini tangu siku ile hatutangaze kitu mbele ya kukipa watu wawili wasome, mumoja awe munganga, mumoja awe mutu asiyetupenda sana. Huyu wa pili njo anasaidia kupita.

Sasa tuseme tunachoomba. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inadai kampuni ifanye uchunguzi juu ya mazingira na maisha ya watu, na Agence congolaise de l'environnement inausoma. Ni vizuri. Lakini kampuni njo inalipa mwandishi wa ule uchunguzi, na mutu wa kijiji anasikia tu mustari wa mwisho. Njo maana tunaomba vitu vinne.

Kwanza, kila ripoti juu ya maji, hewa na udongo iwekwe hadharani kwenye kijiji chenyewe, na ufupisho wake kwa Kiswahili na Lingala, mbele ya uamuzi, si kisha.

Pili, isomwe na wakaguzi wawili ao watatu ambao hawapokei makuta ya ile kampuni. Tuna Universite ya Kisangani, yenye Fakilte ya Sayansi, ya Udaktari na ya Kilimo. Waandike maulizo yao, kampuni ijibu, na maulizo na majibu yote mawili yabandikwe pamoja na ripoti.

Tatu, hesabu yenyewe itolewe: maji ilichotwa wapi, tarehe gani, nani alishika chupa, labo gani ilipima. Na kijiji kichague mutu wake asimame pale wakati wa kuchota. Muvuvi anajua mahali pachafu. Musimupeleke mutaalamu juu ya muto penye maji safi, kisha murudi na chupa ya kutupendeza.

Nne, kila mutafiti anayechukua damu yetu, mukojo wetu ao nywele za watoto wetu, arudi kutuambia alikuta nini, hata kama gazeti lake liko London. Damu ilitoka hapa. Habari irudi hapa.

Watasema: « Nani atalipa? » Tumeeleza, wakaguzi wa sayansi wanasoma bila mushahara. Kinachohitajika ni usafiri, vipimo na ruhusa ya kusema kweli. Watasema tena: « Wachimbaji hawakusoma, hawataelewa. » Wandugu, mutu anayejua kutofautisha almasi na kioo kwa mwanga wa tochi, usiku, mvua ikinyesha, hawezi kushindwa kuuliza maji ilichotwa wapi.

Kisha mukutano ule, muzee wetu alirudi kwenye shimo lake. Mutu wa gile ya machungwa alipanda jipi, akaenda na ripoti. Hatukupewa kopi mupaka leo. Lakini vijana walishika lile ulizo, na sasa kila mutu akija na karatasi, mbele hata ya kukaa kwenye kiti, anasikia sauti kutoka nyuma. Nawe musomaji, siku watakapofika kwenu na kurasa zao nzuri, usiulize kwanza inasema nini. Uliza nani aliikagua, na umuombe jina.